Nani Anakonyeza Taa ya Wifi?

Ingia steshenari ya mji mdogo kama Itigi. Nyuma ya kompyuta ya mezani huenda ukakuta kidude cha wifi kidogo kama kidole gumba, taa yake ya kijani ikikonyeza. Mteja aliyekuja kutuma maombi ya chuo anashusha pumzi: mtandao upo. Mwenye duka anaguna: bando linaliwa. Wote wawili huenda wamekosea.

Taa ile haijui habari za mtandao. Ni kama bendera ya kijani ya reli, na watu wa Itigi wamekua na reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kitambaa hakijui kama njia ni nyeupe. Anayejua ni aliyekishika. Ndani ya kompyuta, mshika bendera ni draiva, programu inayokiamuru kifaa.

Kwenye Linux, mfumo endeshi aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, draiva nyingi ni huria: unaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha. Soma ile ya ath9k_htc, inayohudumia vidude vyenye chipu ya AR9271. Mna jedwali fupi humo. Redio ikiwa imewashwa na data haipiti, taa inatulia ikiwaka. Data ikianza kupita, inakonyeza kila milisekunde 334. Mwendo ukizidi megabiti 300 kwa sekunde, kila milisekunde 50. (Hatua hiyo ya mwisho ni pambo: kikomo cha chipu hii ni megabiti 150.)

Kinachohesabiwa ni data inayopita hewani, iende popote. Ukituma picha kwenye printa ya wifi mlemle dukani, taa itakonyeza na bando halijaguswa. Bando likiisha nalo, taa haizimiki.

Ikikukera usiku, usiibandike plasta. Fungua /sys/class/leds kwa mamlaka ya msimamizi, ingia folda ya kidude chako, andika none katika faili la trigger, kisha 0 katika brightness. Giza. Ukiandika phy0rx kwenye trigger badala ya none, itakonyeza kwa kinachopokelewa tu. Jaribu bila hofu: ukiizima kompyuta na kuiwasha tena, taa inarudi kwenye mpangilio wake wa awali.