Ovadraivu kwa Bendi Yenye Magitaa Matatu

Mafundi mitambo wa kumbi za Dar es Salaam wanalijua lalamiko hili. Kijana amenunua pedali ya ovadraivu, ameijaribu chumbani, imenguruma vizuri. Amefika jukwaani, zamu ya solo imewadia, amekanyaga pedali, na gitaa limezama. Anaongeza draivu, linazama zaidi. Wiki inayofuata anarudi Kariakoo kutafuta pedali kali kuliko ile, na tatizo linamfuata.

Mara nyingi pedali haina kosa. Imechaguliwa kwa kigezo kisichofaa kazi yetu. Pedali nyingi za aina hii zilibuniwa zikilenga bendi za roki na bluzi zenye gitaa moja au mawili. Muziki wa dansi uliokulia katika mji huu una solo, solo la pili, rithimu na besi, na juu yake tarumbeta na saksafoni. Katika msongamano huo, ovadraivu huchaguliwa kwa namna inavyoziacha noti zisikike. Ukali wake ni jambo la baadaye.

Kinachotokea ndani ya kiboksi

Pikapu za gitaa hutoa mawimbi madogo ya umeme, mara nyingi chini ya volti moja. Pedali huyakuza, kisha huyakutanisha na diodi. Diodi ya kawaida ya silikoni huanza kupitisha umeme kwenye takriban volti 0.6, na hapo ndipo wimbi linapowekewa mpaka. Ni kama abiria mrefu aliyesimama ndani ya Hiace: paa halisogei, basi kichwa kitainama. Wimbi lililoinamishwa kilele huzaa sauti mpya za juu, ziitwazo hamoniki, na masikio yetu huzisikia kama ukwaruzo au joto.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitazami. Kwa kuwa vilele vimewekewa mpaka, noti iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa polepole hukaribiana ukubwa. Noti hudumu zaidi, lakini tofauti ya mguso wa kidole hupungua. Ukizidisha draivu, unanunua urefu wa noti kwa bei ya uhai wa mkono wako.

Kabla ya pedali hizi, mara nyingi ukwaruzo ulitoka kwenye ampu za valvu zilizofunguliwa kupita uwezo wake, au kwenye spika zilizoharibiwa makusudi. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks la London alirekodi kwa ampu ndogo ambayo spika yake aliichana kwa wembe. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilizaliwa NUTA Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Huko gitaa moja lilitafuta kujaza ukumbi mzima. Huku magitaa yalijifunza kupeana nafasi. Boss walipotoa pedali yao ya OD-1 mwaka 1977, na Ibanez wakafuata na Tube Screamer mwishoni mwa muongo huo, walikuwa wanajibu hitaji la wale wa kwanza. DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijenga jina lake kwa magitaa safi yaliyosukana.

Hii haina maana kwamba sauti ya ukwaruzo ni mgeni kwetu. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyotoa albamu ya *Ave Africa* mwaka 1976, ilichanganya roki na midundo ya Kiafrika bila kuomba ruhusa kwa mtu. Swali ni kiasi gani cha ukwaruzo, na uwekwe wapi.

Hesabu ya noti mbili

Solo la dansi hupenda kutembea na noti mbili kwa pamoja: do na mi, re na fa, mi na so. Utamu wa sehemu ya kuchezesha umejengwa juu ya jozi hizi. Tatizo ni kwamba ovadraivu haizikwaruzi noti mbili kila moja peke yake. Inazichanganya, na mchanganyiko huo huzaa sauti ambazo hukuzipiga: moja sawa na jumla ya masafa yake, nyingine sawa na tofauti yake.

Chukua do yenye hezi 220. Mi yake ni karibu hezi 277. Tofauti ni 57, sauti nzito iliyo jirani na do ya chini kabisa lakini imepotoka kidogo, tena imeingia katika eneo la besi. Jumla ni 497, ambayo iko karibu na re ya juu. Yaani umepiga do na mi, pedali imeongeza re isiyoalikwa na mngurumo usio sawa. Sasa chukua do na so: 220 na 330. Tofauti ni 110, do ya chini. Jumla ni 550, jirani wa mi ya juu. Zote zimo ndani ya familia. Ndiyo sababu wapiga roki hupenda do na so chini ya draivu kubwa, na ndiyo sababu jozi zetu za do na mi hugeuka matope kwa draivu hiyohiyo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha ovadraivu kwa mpiga solo wa dansi, wa taarabu ya kisasa au wa kwaya ya kanisani ni hiki: piga do na mi kwenye nyuzi za juu, anza na draivu chini kabisa, ongeza polepole. Pale noti mbili zinapoacha kusikika kama mbili, rudi nyuma kidogo. Pedali inayofikia hapo ikiwa tayari imeipa noti mwili na urefu ndiyo inayokufaa. Pedali ambayo ni safi mno au chafu mno, bila eneo la katikati, iache.

Familia tatu

Majina ya pedali ni mengi, lakini nyingi ni za familia chache.

Ya kwanza ni ya Tube Screamer. Saketi yake hupunguza besi, chini ya takriban hezi 720, kabla ya kulikata wimbi, kisha hulainisha trebo. Kinachobaki mbele ni sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani, pedali hii yaweza kukuudhi kwa sababu gitaa linasikika jembamba. Ndani ya bendi, wembamba huo ni rehema: besi na ngoma wanabaki na sakafu yao, upatu wa drams unabaki na dari yake, nawe unapita katikati. Kwa solo katika bendi yenye magitaa matatu, hii ndiyo familia ninayoipendekeza kwanza. Joyo Vintage Overdrive na Behringer TO800 zimeifuata saketi hii kwa bei ya chini zaidi, ingawa ganda la Behringer ni la plastiki na linahitaji mguu wenye adabu. Boss SD-1 ya mwaka 1981 ni ndugu wa karibu. Diodi zake hukata upande mmoja wa wimbi zaidi ya mwingine, na hivyo ina ladha tofauti kidogo.

Ya pili ni ya pedali za masafa mapana, mfano Boss BD-2 Blues Driver ya mwaka 1995. Hizi huacha besi na trebo nyingi zipite, na hufuata mkono: ukigusa taratibu zinasafika, ukipiga kwa nguvu zinakwaruza. Zinamfaa anayepiga gitaa peke yake na mwimbaji, au bendi yenye gitaa moja, kama zile ndogo za kumbi za hoteli. Katika bendi kubwa zitagombana na besi usipokuwa mwangalifu.

Ya tatu ni zile zinazochanganya sauti safi na iliyokwaruzwa kwa pamoja, zikifuata mfano wa Klon Centaur iliyotoka Marekani mwaka 1994. Kwa jozi za do na mi hufanya kazi nzuri, maana sauti safi haipotei kamwe. Klon yenyewe huuzwa bei ya kutisha, lakini nakala zake ni nyingi na baadhi ni nzuri kwelikweli.

Pedali za distoshoni na fazi ziko nje ya mjadala huu. Zina kazi yake, lakini hazina eneo la katikati tunalolitafuta.

Ampu au mikisa?

Tube Screamer huonyesha uwezo wake ikiisukuma ampu ya valvu iliyo karibu kuchemka. Ampu nyingi utakazozikuta mjini ni za transista, na hizo zikisukumwa kupita kiasi hukatika vibaya. Basi weka ampu iwe safi, acha ukwaruzo wote ufanywe na pedali, punguza trebo ya ampu kidogo, na usiisukume kwa volyumu ya pedali kupita inavyohimili.

Kanisani na kwenye sherehe, mara nyingi hakuna ampu kabisa: gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Hapa ndipo ovadraivu hupewa lawama isiyo yake. Spika ya gitaa kwa tabia yake hushusha sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, na hivyo huchuja makali ya ukwaruzo. Spika za ukumbini hazichuji. Zinapeleka kila kitu hadi kwa waumini, na gitaa linasikika kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Tiba ni pedali ndogo inayoiga kabati la spika, iwekwe mwisho wa msururu. Kama huna, mwombe fundi mitambo ashushe sauti za juu kwenye mkondo wako, kuanzia hapo kwenye hezi 5,000.

Faida moja ipo hata pedali ikiwa imezimwa. Gitaa lenye pikapu za kawaida huhitaji kuingia kwenye mlango wenye ukinzani mkubwa, na milango mingi ya mikisa haina. Pedali za Boss na Ibanez nilizozitaja zina kikuzio kidogo kinachofanya kazi wakati wote pedali ikiwa na umeme. Kinalinda trebo yako isipotelee kwenye waya mrefu au mlango usiofaa.

Ukiwa dukani Kariakoo

Nenda na gitaa lako na waya wako. Pedali uliyoijaribu kwa gitaa la dukani umeijaribu kwa pikapu za mtu mwingine. Omba ampu safi, kisha fanya kipimo cha do na mi. Zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza kinapozunguka, kina vumbi au kimechoka. Tikisa jeki taratibu ukiwa umechomeka waya: sauti ikikatika, kuna lehemu imeachia. Pedali iliyotumika kwa bei nafuu yenye kasoro hizi inaweza kuwa ununuzi mzuri, maana fundi wa redio anayejua kazi yake huzirekebisha kwa muda mfupi.

Kuwa makini zaidi na adapta. Pedali nyingi hutaka volti 9 za mkondo mnyoofu, na hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani, kama ruta za intaneti, zina plagi ya umbo hilohilo lakini chanya ndiyo iko katikati, na nyingine ni za volti 12. Inaingia bila shida, na inaweza kuunguza pedali. Soma mchoro mdogo ulio kwenye adapta na kwenye pedali, ulinganishe kabla ya kuchomeka. Betri ya volti 9 ni salama na haina mvumo, na ovadraivu hula umeme kidogo sana. Kumbuka tu kuchomoa waya wa gitaa ukimaliza, maana jeki ya kuingilia ndiyo huiwasha betri.

Usikate mguu wa athi kwenye plagi ya ampu ili kuondoa mvumo. Umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini unaweza kupita kwenye nyuzi za gitaa hadi mdomoni kwako unapoigusa maikrofoni. Mvumo una tiba nyingine, uhai hauna.

Na kwa kuwa tunaishi kando ya bahari, hewa ya chumvi hula jeki na swichi, hasa kwa wanaopiga kumbi za ufukweni kuanzia Kivukoni hadi Msasani. Hifadhi pedali mahali pakavu, na uzisafishe jeki kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme.

Kuipiga

Anza hivi: draivu kwenye robo, toni katikati, volyumu ya pedali imepita nusu. Ukikanyaga, gitaa liongezeke ukubwa kwa kiasi kinachosikika, si ukali tu. Hapa ndipo kosa la yule kijana anayezama lilipo: ameongeza draivu wakati alihitaji volyumu. Chumbani draivu husikika kama nguvu. Jukwaani husikika kama ukungu, kwa sababu hufuta ncha za noti, na ncha hizo ndizo zinazomwambia msikilizaji kwamba kuna gitaa jingine limeanza kusema.

Kisha tumia kitufe cha volyumu cha gitaa lenyewe. Kirudishe hadi 6 au 7 unapoitikia waimbaji, kifungue hadi 10 zamu yako ikifika. Ukiwa na pedali nyingine, ovadraivu itangulie, mwangwi na korasi vifuate. Mwangwi ukikwaruzwa, kila marudio yake huwa kelele mpya.

Mpiga rithimu, nawe una wajibu. Kama mwenzako wa solo amewasha ovadraivu, zima yako. Magitaa mawili yakikwaruzwa kwa pamoja katika sauti za kati hufutana, na hakuna pedali ya bei yoyote itakayoyatenganisha.

Zamani vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, iwe jumuiya, shirika au chama, na mpiga gitaa alitumia alichokikuta. Leo kijana hununua chake kwa fedha yake mwenyewe, na anastahili kununua kitu kitakachomtumikia. Usiimalize hukumu dukani wala chumbani. Ipeleke pedali mazoezini, piga wimbo mzima na bendi nzima, kisha muulize mpiga besi na mwimbaji kama walisikia kila noti ya solo. Wakisema ndiyo, weka alama ya kalamu pale vitufe vilipo, na utumie muda uliobaki kufanya mazoezi ya vidole.