Hukumu Iliyotolewa Mwenye Nyumba Hayupo

Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali ambapo anwani haidumu. Mwaka 2014 mawe ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za watu, na haukupita muda mrefu wachimbaji wakawa wanashuka ardhini kutokea vyumbani na uani, midomo ya mashimo imefunikwa maturubai. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining. Mamia ya kaya zikahamishwa na ukuta ukajengwa. Penye mihamo ya namna hii, kesi ya kiwanja au ya deni inaweza kufunguliwa, kusikilizwa na kuamuliwa huku mdaiwa hana habari, kwa kuwa wito umepelekwa kwenye nyumba ambayo haipo tena.

Sheria ya Kongo ya mwenendo wa kesi za madai, ambayo ni dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, haikumsahau mtu huyo. Aliyehukumiwa bila kuwepo ana siku 15 za kuweka pingamizi tangu alipokabidhiwa hukumu mkononi. Kama hakukabidhiwa yeye mwenyewe, siku hizo zinahesabiwa tangu alipopata habari. Na ikishindikana kuthibitisha kwamba alipata habari, zinahesabiwa tangu tendo la kwanza la utekelezaji alilolijua mwenyewe. Lakini kuna sharti moja zito: utekelezaji ukishakamilika, pingamizi halipokelewi tena. Kwa deni la fedha, pengine hilo linavumilika. Kwa nyumba ya Kasulo ni hatari kubwa, maana nyumba hubomolewa kwa asubuhi moja, na ardhi iliyochimbwa hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana naona haki ya kusikilizwa, ambayo Katiba ya 2006 inailinda katika kifungu cha 19, hapa inategemea zaidi namna wito ulivyopelekwa kuliko pingamizi lenyewe. Mtu asiyejulikana anakoishi, nakala ya wito wake hubandikwa kwenye mlango mkuu wa mahakama. Mama aliyehamishiwa upande mwingine wa mji, anayeuza mboga tangu alfajiri, atapita lini mlangoni hapo?

Wako watakaosema kwamba ukilegeza utaratibu huu, wajanja watamkimbia mjumbe wa mahakama na aliyeshinda hataonja ushindi wake. Hoja hiyo ina uzito. Kule Kenya, katika shauri la Shah dhidi ya Mbogo la 1967, Mahakama Kuu ilisema uwezo wa kutengua hukumu ni wa kumwokoa aliyekwama kwa ajali au kosa linalosameheka, si wa kumsaidia anayekwepa haki kwa makusudi. Kongo nayo imeweka kizuizi chake: aliyeweka pingamizi akikosa kufika mara ya pili, hapewi nafasi nyingine. Basi mkwepaji ana dawa yake tayari. Asiye na kinga ni yule ambaye hakutafutwa kwa dhati.

Na kumtafuta si kazi ngumu kiasi hicho. Mkuu wa mtaa kwa kawaida anajua nani kahamia wapi, na waliohamishwa kwa fidia majina yao yaliandikwa. Kabla ya kuruhusu nyumba ivunjwe, hakimu angedai aone katika jalada mjumbe alimwuliza nani, siku gani, na alijibiwa nini. Karatasi hiyo ikikosekana, utekelezaji usubiri.