Nauli ya marehemu ni haki ya nani?

Bahasha ilikuwa juu ya kabati la marehemu, chini ya msahafu wake. Ndani yake mlikuwa na pasi mbili za kusafiria na tiketi mbili za kwenda Jeddah, moja yake mwenyewe na moja ya mkewe. Mzee alikuwa amelipia safari hiyo ya umra kwa fedha taslimu kutoka katika kiinua mgongo chake, akitaraji kuwa mwezi wa Ramadhani uandame yeye na mkewe wakiwa Makka. Alifariki tarehe 12 Shaaban, siku tisa kabla ya kuondoka.

Nyumba nzima ilijua kuwa tiketi zimekwisha kukatwa. Lakini palikuwa na wageni wa kupokea na dua za kusomwa, na kila mmoja wa watoto alidhani mwenzake amekwisha kuzungumza na wakala. Bahasha ilipofunguliwa, ndege ilikuwa imeondoka kitambo.

Binti mkubwa akaenda ofisini kwa wakala pamoja na ami yake. Kijana aliyewapokea aliwapa mkono wa pole, akaitazama namba ya tiketi kwenye kompyuta, kisha akasema kwa upole: “Dada, lau mngenipigia simu hata siku ya maziko, ningevifuta viti hivi kwa dakika tano. Sasa kwa shirika, mzee na mama ni abiria waliokosa kufika uwanjani.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya, kwa sababu hasara ya namna hiyo huzipata familia nyingi zenye msiba. Tiketi ina sehemu mbili za fedha. Ipo nauli yenyewe, ambayo ni ya shirika la ndege, na zipo kodi na tozo za viwanja, ambazo shirika hukusanya kwa niaba ya wengine. Tiketi nyingi za bei nafuu huandikwa kuwa nauli yake hairudishwi, na watu wakishasoma neno hilo hukata tamaa kabisa. Lakini tozo ya uwanja hukusanywa kwa ajili ya abiria anayepita uwanjani, na mara nyingi asiyesafiri huweza kuidai hata pale ambapo nauli imekwisha kupotea. Isitoshe, mashirika mengi huwa na huruma mahsusi kwa kifo: hurudisha nauli ya marehemu au hulegeza masharti kwa mke, mume, mzazi au mtoto aliyekuwa asafiri naye. Huruma hiyo hutegemea kila shirika, na karibu daima humfaa zaidi aliyetoa taarifa kabla ndege haijaruka.

Kwa hiyo msiba unapoingia katika nyumba yenye safari, mtu mmoja atajwe kwa jina, siku ile ile, kuwa ndiye wa kufuta viti. Anachohitaji ni ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, au namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Cheti cha kifo kinaweza kufuata baadaye, kwani siku ya maziko mara nyingi kilichopo mkononi ni kibali cha mazishi tu. Taarifa itolewe kwa maandishi, na jibu lihifadhiwe. Aliyekata tiketi kwa wakala atarudi kwa wakala huyo huyo, maana shirika litamrudisha huko hata akianzia kwao.

Je, sheria yetu inasemaje juu ya mkataba wenyewe? Tiketi ni ijara, yaani kununua manufaa ya chombo kwa ujira maalumu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao, ijara haivunjiki kwa udhuru wa mkodishaji peke yake. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vingi, ametaja mfano wa mtu aliyekodi mnyama wa safari kisha akaugua: mkataba wake unabaki. Wanavyuoni wa Kihanafi wamekuwa wapana zaidi, nao huukubali udhuru wa namna hiyo. Maana yake ni kuwa Mshafii hawezi kusimama mbele ya dawati la shirika akadai kuwa amedhulumiwa kwa kuwa tu ameshindwa kusafiri. Anachoomba ni ikala, yaani muuzaji aridhie kuuvunja mkataba. Kuridhia huko si wajibu, bali ni hisani ambayo Mtume (s.a.w.) ameisifu na kuiahidia malipo kwa Mwenyezi Mungu. Wenzetu wenye mawakala wa safari za Hija na umra wangelikumbuka jambo hili wanapopanga makato yao.

Hali hubadilika ikiwa aliyeshindwa ni mwenye chombo. Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilipozuia waliokuwa wakiingia kwa umra kwa sababu ya maradhi ya korona, abiria wengi walipewa hati za kusafiri siku nyingine badala ya fedha. Mwenye kupewa hati kama hiyo aitazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Na pale ambapo shirika lenyewe ndilo lililofuta safari, manufaa aliyoyanunua msafiri hayakutolewa, na ana hoja nzito ya kudai fedha zake.

Turudi kwa mjane wetu. Tiketi yake haikuwa ya marehemu, bali mumewe alikwisha kumpa, nayo ni mali yake. Alikuwa mzima wa afya, lakini alikuwa katika eda ya miezi minne na siku kumi, na hakuwa ameanza safari, hivyo ilimpasa kubaki nyumbani. Neno eda halimo katika masharti ya nauli, na wala si lazima kulieleza. Cheti cha kifo cha mume pamoja na cheti cha ndoa vinatosha kuonyesha kuwa aliyefiwa ni mtu wa karibu. Wapo wanaoshauri mama atafutiwe cheti cha daktari kisemacho ni mgonjwa. Huo ni uongo, na hauna hata haja.

Anayetaka kusogeza tarehe badala ya kurejeshewa fedha na ahesabu kwa miezi ya Kiislamu. Mume aliyefariki tarehe 12 Shaaban, eda ya mkewe inakwisha tarehe 22 Dhulhija, yaani Mfunguo Tatu, baada ya watu kushuka kutoka Mina. Kabla ya hapo umra hufungwa kwa wageni kupisha Hija, kwa hiyo asiwekewe tarehe ya haraka haraka. Viza iliyokwisha kutolewa nayo ina muda wake, na gharama yake kwa kawaida hairudi.

Kwa familia hii wakala alikubali kuandika maombi. Shirika halikurudisha nauli, lakini lilirudisha kodi na tozo za tiketi zote mbili. Wiki kadhaa zilipita. Za mama alipewa mama. Za mzee zilikuwa shilingi 288,000, na hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Mtoto mkubwa wa kiume alitaka fedha hizo atafutiwe mtu wa kumfanyia baba umra ya badali. Nia njema, hapana shaka. Sheikh aliyeulizwa alianza na swali lake: je, mzee alikwisha kuwa na uwezo na nafasi ya kwenda miaka iliyopita, akachelewa? Kama ndivyo, kwa Mashafii umra ni faradhi kama Hija, nayo inakuwa deni linalotolewa katika mali yake kabla ya kugawanywa. Wakasema hapana, uwezo aliupata kwa kiinua mgongo, na safari ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kwanza. “Basi hizi ni mirathi,” akasema sheikh, “na katika warithi yumo mtoto wa miaka 11. Fungu lake halitolewi sadaka na mtu yeyote, hata na mama yake.”

Ni jambo ambalo huwa tunalisahau hata katika pilau za hitima.

Msimamizi wa mirathi alikuwa ami yao, aliyekwisha kuthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, na wakala hakukabidhi senti moja kabla ya kuiona barua hiyo. Deni la mzee lililobaki lilikuwa la duka la mtaani, nalo lilikwisha kulipwa katika mali nyingine. Mama akapewa thumuni, shilingi 36,000. Zilizobaki zikagawanywa kwa wavulana wawili na wasichana wawili: kila mvulana 84,000 na kila msichana 42,000. Yule wa miaka 11 alikuwa mvulana. Ami yake aliziandika 84,000 katika daftari ya mayatima, akamwonyesha mtoto jina lake, kisha akalifunga daftari.

Kaka mkubwa alilichukua fungu lake, akaliweka mbali. Bado anakusanya, ili mama atakapokwenda umra, naye awe mahrimu wake.