Mpira Chini ya Unyayo

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika mwezi wa Machi, udongo mweusi wa mbuga za Kilosa hubadilika tabia. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa mgumu kama tofali na hujaa nyufa. Ukipata maji huvimba, hulainika, kisha huteleza. Katika mji mdogo wa Dumila, mahali ambapo barabara ya Kilosa huachana na barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro, mwendesha pikipiki hutoka mashambani akiwa na abiria na gunia la mahindi, na nyayo za viatu vyake zimejaa tope. Afikapo barabara kuu hana budi kusimama, maana malori hupita hapo kwa kasi. Mguu wake wa kulia ndio unaokanyaga breki ya gurudumu la nyuma. Je, mguu huo ukiteleza?

Hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 katika kila sekunde. Mguu ukiteleza na kuchelewa nusu sekunde tu kurudi mahali pake, pikipiki itakuwa imekwenda mita 5 zaidi bila breki hiyo. Mita 5 zatosha kumtoa mtu kando ya barabara na kumweka katikati yake. Kwa hiyo kipande cha mpira kinachokaa chini ya unyayo, ingawa ni kitu duni machoni pa wengi, chastahili kuchunguzwa kwa makini.

Tatizo hili si la Dumila pekee. Katika nchi za baridi, watu wanaoteleza juu ya theluji kwa ubao hufungwa miguu yote miwili kwenye ubao huo wanaposhuka mlimani. Lakini wanapopanda na kushuka kwenye viti vya kamba vinavyowapeleka juu, mguu wa nyuma hufunguliwa na kukanyaga ubao mtupu uliolowa. Ili mguu huo usiteleze, hubandika juu ya ubao kipande cha mpira chenye meno. Theluji na tope ni vitu mbalimbali, lakini swali ni moja: ni mpira gani ushikao, nao ubandikwe namna gani usibanduke?

Kwa nini mpira hushika

Kani inayozuia kitu kimoja kuteleza juu ya kingine huitwa msuguano. Mwaka 1699 mwanasayansi wa Ufaransa, Guillaume Amontons, alieleza kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ile ile ya kani inayovigandamiza vitu viwili pamoja, na kwamba ukubwa wa eneo linalogusana hauleti tofauti. Karne ya 18 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, aliyathibitisha mambo hayo kwa majaribio mengi.

Kanuni hiyo hufaa vizuri kwa vitu vigumu kama vile chuma na mti. Mpira, hata hivyo, una tabia yake. Uso wa chuma, hata ukionekana laini, una vilima na mabonde madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Chuma kikilazwa juu ya chuma, ni ncha za vilima tu zinazogusana. Mpira, kwa kuwa ni laini, huzama katika mabonde hayo na kugusa sehemu kubwa zaidi. Aidha, kila unapovutwa juu ya vilima hivyo hubonyea na kurudi, na katika kubonyea huko hupoteza nishati. Mambo hayo mawili, kugusa kwingi na kubonyea, ndiyo asili ya mshiko wake.

Mpira mbichi utokanao na utomvu wa mti hauwezi kazi hii, kwani hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, mpira hupata uimara bila kupoteza unyumbufu. Matairi yote ya leo hutokana na ugunduzi huo, na hali kadhalika katambuga wanazokata mafundi kutokana na matairi makuukuu.

Maji na tope huharibu nini

Yote yaliyosemwa hapo juu yana sharti moja: lazima mpira uguse. Maji yakiingia kati ya mpira na chuma, hufanya utando mwembamba, na mguu husimama juu ya maji badala ya kusimama juu ya chuma. Tope la mfinyanzi ni baya zaidi. Chembe za mfinyanzi zina umbo la vibamba vyembamba. Maji yakiwa katikati yake, kibamba huteleza juu ya kibamba kama karatasi za kitabu. Vumbi la kiangazi nalo huzuia mpira usifike kwenye chuma.

Hapa ndipo inapoonekana kazi ya mifereji. Watu wengi hudhani kwamba mpira wenye mistari hushika zaidi wakati wote. Sivyo. Juu ya uso mkavu, safi na laini, mpira usio na mistari waweza kushika vizuri kabisa, kwa sababu eneo lake lote hugusa. Mifereji ni njia ya kutorokea: unyayo unapokanyaga, maji na tope husukumwa humo, na kingo za mifereji hupasua utando uliobaki. Kipande kilicholika hadi kuwa laini humdanganya mwenye pikipiki kiangazi chote, kisha humsaliti siku ya mvua ya kwanza.

Kuchagua

Jambo la kwanza la kuangalia ni ulaini. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukiacha alama inayofutika upesi, unafaa. Ukiwa mgumu kama pembe, au ukikunjwa ukaonyesha nyufa, umezeeka. Jua na hewa huukausha mpira hata kama haukutumika. Jambo la pili ni mifereji. Mahali penye maji matupu, mifereji myembamba yatosha. Mahali penye tope la mbuga yatakiwa mipana, ili tope lidondoke lenyewe badala ya kuganda humo. Jambo la tatu ni unene. Kipande kinene mno huinua mguu na kumkosesha mwendeshaji uzoefu wa mahali breki ilipo. Anayekata kipande katika tairi kuukuu na achague sehemu isiyo na nyaya za chuma, kwa kuwa ncha za nyaya hizo hutoboa viatu na kuota kutu.

Kubandika

Kipande cha mpira kina nyuso mbili: ya juu hushika kiatu, ya chini hushika chuma. Ile iliyo dhaifu kati ya hizo mbili ndiyo iamuayo. Haifai kitu kununua mpira bora na kuubandika juu ya oili na kutu.

Kwanza, chuma kioshwe kwa maji na sabuni hadi mafuta yote yatoke, kisha kikauke kabisa. Pili, kutu iondolewe na chuma kikwaruzwe kwa msasa. Upande wa chini wa mpira ukwaruzwe vilevile, kama fundi baiskeli anavyokwaruza mpira wa ndani kabla ya kutia kiraka. Mikwaruzo huondoa uchafu na kuipa gundi eneo kubwa la kushika. Tatu, gundi ya viatu ipakwe kwa wembamba juu ya nyuso zote mbili, kisha iachwe dakika 10 hadi 15, mpaka isinate kidoleni. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Kimiminika kilichomo ndani ya gundi lazima kiruke hewani kwanza. Kikifungiwa chini ya mpira, gundi hubaki teketeke. Mvuke wake huwaka upesi na hudhuru mapafu, basi kazi hii ifanywe nje, mbali na moto na sigara.

Nne, mpira ulazwe na kugandamizwa kuanzia katikati kuelekea pembeni ili hewa itoke, nao uachwe hadi kesho yake kabla ya kukanyagwa. Mwisho, pembe za kipande zikatwe ziwe za mviringo. Gundi huhimili sana kani inayosukuma mpira kwa ubavu, lakini ni dhaifu mbele ya kani inayoubandua kuanzia ukingoni. Pembe kali ndiyo mlango wa kani hiyo.

Onyo moja lafaa kutiliwa mkazo. Pedali ya breki isitegemee gundi peke yake, kwa maana kipande kikibanduka wakati wa kufunga breki, madhara yake huzidi yale ya kutokuwa nacho. Pedali yenye meno ya chuma isafishwe tope kila mara, na meno yakilika, ibadilishwe. Mpira wa kubandika ubaki kwenye vikanyagio vya kuwekea miguu.

Jaribio la darasani

Msuguano waweza kupimwa kwa ubao na rula tu. Kipande cha tairi kiwekwe juu ya ubao uliolala, kisha upande mmoja wa ubao uinuliwe polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Hapo wanafunzi wapime kimo cha ncha iliyoinuliwa, na umbali wa mlalo kutoka chini ya ncha hiyo hadi mahali ubao unapogusa meza. Kimo kigawanywe kwa umbali huo. Ikiwa kimo ni sentimita 30 na umbali ni sentimita 60, jibu ni 0.5. Namba hiyo ndiyo uwiano wa msuguano kati ya mpira na ubao.

Jaribio lirudiwe ubao ukiwa mkavu, ukiwa umelowa, na ukiwa umepakwa tope la mfinyanzi. Kwanza kwa kipande kilicholika, kisha kwa kipande chenye mifereji. Mwishowe jiwe liwekwe juu ya kipande, wanafunzi waone kama jibu linabadilika sana au kidogo, na wajadili kile alichokisema Amontons.

Namba watakazoziandika hazitakuwa za ubao na tairi tu. Hizo ndizo namba zinazoamua, katika njia panda ya Dumila siku ya masika, kama mguu utabaki mahali ulipowekwa.