Kabla Hujanunua Kitambaa cha Pazia

Tulipohamia katika nyumba yetu, sebule ilikuwa na madirisha mawili yanayotazama barabara. Tulijinyima kwa miezi kadhaa, tukaenda dukani, tukakatiwa mita 9 na nusu za kitambaa kizuri na kukipeleka kwa fundi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, juu nikushonee vipi?" Tukajibu pasipo kufikiri kwamba twataka marinda. Akapima, akatikisa kichwa. Kitambaa kilitosha dirisha moja. La pili likapata kipande kimoja tu. Tuliporudi dukani, jora lilikuwa limekwisha. Mwaka mzima, kila jioni taa ikiwashwa, wapita njia walituona mezani tukila.

Kosa halikuwa la fundi. Tulinunua kwanza, tukachagua baadaye. Mama mpendwa, namna pazia linavyoshonwa juu ndiyo inayoamua kiasi cha kitambaa na gharama yake. Zipo namna nne zinazotumika sana.

Upindo wa kupitishia bomba

Kitambaa hukunjwa juu na kushonwa, kisha bomba au waya hupita ndani. Waweza kuushona mwenyewe kwa cherehani ya nyumbani. Upana wa kitambaa uwe mara 1 na nusu ya bomba. Ubaya wake ni kwamba pazia haliteleziki vizuri, na waya hulegea katikati. Lafaa jikoni, au dirisha ambalo pazia lake halivutwi kila siku.

Pete

Kitambaa hutobolewa matundu juu, yakatiwa pete za kupitishia bomba. Upana wa mara 1 na nusu hadi 2 watosha. Pazia hili huteleza hata kwa mkono wa mtoto, hivyo lafaa sana mlangoni. Idadi ya pete igawanyike kwa mbili, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Walio pwani wachague pete zisizoshika kutu, maana doa la kutu halitoki kwa urahisi.

Marinda ya utepe

Utepe wenye nyuzi hushonwa nyuma. Nyuzi zikivutwa, kitambaa hujikusanya. Yahitaji upana wa mara 2 hadi 2 na nusu. Nyuzi zinazobaki usizikate. Zifunge na kuzificha, ili siku ya kufua uondoe ndoano, uzilegeze nyuzi, na pazia litanduke lote. Kulipiga pasi huwa kazi nyepesi.

Marinda ya kubana

Fundi hukusanya mikunjo 2 au 3 pamoja na kuishona isifumuke. Pazia huanguka kwa heshima, lakini lahitaji kitambaa kingi kama lile la utepe, fundi hodari, na subira wakati wa kupiga pasi.

Tufanye hesabu

Pima bomba, si dirisha, kwa kuwa bomba huzidi dirisha pande zote mbili. Tuseme bomba lina sentimeta 180, na kitambaa kina upana wa sentimeta 140. Kwa marinda, 180 mara 2 ni 360, yaani vipande 3. Kwa upindo ni 270, yaani vipande 2. Pazia likiwa na urefu wa sentimeta 210, ongeza 25 za kukunja juu na chini, kila kipande kiwe 235. Basi marinda yatakula mita 7 na kidogo, na upindo mita 4 na sentimeta 70. Kitambaa chenye maua makubwa huhitaji nyongeza, ili maua yakutane kwenye mshono. Cha pamba ongeza kidogo na ukifue kabla ya kukikata, maana huweza kupungua.

Rudia hesabu hiyo kwa madirisha yetu mawili. Zile mita 9 na nusu zingeyatosha yote kwa upindo, bila aibu yoyote. Marinda yalihitaji mita 14 na zaidi, na fedha hizo hatukuwa nazo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, keti na baba watoto mwamue namna ya mshono na kupiga hesabu. Andika mita kwenye karatasi, uende nayo. Pazia la upindo linalofunga dirisha lote ni bora kuliko la marinda linaloacha pengo katikati.