Daktari Anapofungua Daftari la Jimbo

Mgonjwa wa mgongo akifika idara ya dharura usiku wa manane, daktari hana kipimo cha maumivu yake. Eksirei haiyaonyeshi, damu haiyatambui. Amwamini au asimwamini? Nchini Marekani, ambako zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dozi za dawa katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023, jibu lolote kati ya hayo mawili laweza kumpeleka mtu kaburini. Ndiyo maana daktari huyo ana chombo kingine mezani: kanzidata ya jimbo, daftari kubwa la kielektroniki linaloandika kila dawa inayodhibitiwa ambayo mgonjwa amepewa dukani.

Daftari hilo hujazwa na wafamasia. Mfamasia akishamkabidhi mtu oksikodoni, mofini au vidonge vya diazepamu, anatakiwa kupeleka taarifa jimboni: jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, anwani, aina ya dawa, idadi ya vidonge, siku vitakazotumika, daktari aliyeandika na duka lililotoa. Zamani taarifa zilichukua wiki kadhaa kufika. Siku hizi majimbo mengi hutaka zifike ndani ya siku moja. Kwa kawaida hakuna mahali pa kuandika ugonjwa. Daftari linajua umemeza nini, halijui unaumwa nini.

Sababu ya kutaka orodha yote, badala ya dawa moja moja, imo kwenye shina la ubongo. Huko ndiko hewa ya kabonidayoksaidi inakopimwa ili mwili ujue wakati wa kuvuta pumzi. Dawa za jamii ya afyuni, kama oksikodoni na mofini, hulegeza usikivu huo, na mtu aliyezidisha dozi hulala, pumzi zikipungua taratibu hadi zikome. Diazepamu na ndugu zake hupitia njia tofauti lakini huelekea kulekule. Daktari mmoja akiandika afyuni na mwingine diazepamu, kila mmoja kwa kiasi cha kawaida, mgonjwa anaweza kufa bila hata mmoja wao kukosea hesabu. Nazo hesabu zina mitego yake: miligramu 20 za oksikodoni zina nguvu ya miligramu 30 hivi za mofini. Kanzidata humsaidia daktari kwa kugeuza dawa zote ziwe kipimo kimoja, kile cha mofini, na kuzijumlisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. California ilianza mwaka 1939, enzi za karatasi zenye nakala. New York ilipoanza kukusanya majina ya watumiaji wa dawa kali katika miaka ya 1970, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1977 majaji wakaamua kuwa jimbo lina haki hiyo. Missouri iliburuta mguu kuliko majimbo yote. Mmoja wa wapinzani wakuu, seneta wa jimbo Rob Schaaf, alikuwa daktari mwenyewe, na hoja yake ilikuwa siri ya mgonjwa. Kaunti ya St. Louis ilichoka kusubiri ikafungua kanzidata yake mwaka 2017. Sheria ya jimbo zima ilipatikana mwaka 2021.

Lakini kuwa na daftari ni jambo moja, kulifungua ni jambo jingine. Wachumi Thomas Buchmueller na Colleen Carey walichunguza takwimu za bima ya wazee, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo: majimbo yaliyomwachia daktari hiari hayakuona mabadiliko ya maana, yale yaliyomlazimisha kutazama kabla ya kuandika dawa yaliona upungufu wa watu wanaozunguka kwa madaktari wengi. Kentucky ililazimisha mwaka 2012, New York mwaka 2013.

Ukiingia katika idara ya dharura ya hospitali ya umma utaelewa kwa nini hiari haikutosha. Ruhusa ya kuingia, kwa sheria za majimbo mengi, ilitolewa kwa daktari mmoja mmoja, si kwa hospitali. Kila mmoja na akaunti yake na nywila yake, kwenye tovuti isiyohusiana na mfumo wa mafaili ya wagonjwa. Madaktari walio mafunzoni, ambao ndio nguvu kazi ya hospitali hizi, mara nyingi huandika dawa kwa namba ya usajili ya hospitali, hivyo hata kujisajili kulikuwa na utata. Baadaye sheria ziliruhusu muuguzi au msaidizi kutafuta kwa niaba ya daktari, na hospitali zikaanza kuunganisha kanzidata na mifumo yao ili orodha ifunguke kwa mbofyo mmoja. Kwa maoni yangu, mbofyo huo una uzito kuliko nusu ya hotuba zilizotolewa bungeni kuhusu janga hili.

Hospitali za wanajeshi wastaafu zilikuwa na kikwazo cha ajabu zaidi. Ni mali ya serikali kuu, na hadi mwishoni mwa 2011 sheria haikuziruhusu kupeleka taarifa za dawa kwenye kanzidata za majimbo. Mstaafu aliweza kuchukua vidonge huko na vingine kwa daktari wa mtaani, na daktari wa mtaani asione kitu. Kanuni za kuzifungulia njia zilitoka mwaka 2013. Kliniki za methadoni zina usiri wao pia, uliowekwa ili mraibu asiogope kutafuta tiba. Kwa miaka mingi dozi zao hazikuingia daftarini kabisa. Kwa hiyo ukurasa mtupu si ushahidi kwamba damu ya mgonjwa ni tupu.

Na ukurasa uliojaa je? Kompyuta huunganisha rekodi kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Wakimbizi wengi waliopokewa Marekani, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na majina yao hupinduliwa kutoka fomu moja hadi nyingine. Mtu mmoja anaweza kugawanywa wawili, au wawili wakawa mmoja. Katika baadhi ya majimbo hata dawa ya mbwa husomeka chini ya jina la mwenye mbwa. Wengine nao hufungua daftari bila kuwa na mgonjwa: mwaka 2013 huko Utah, mpelelezi aliyekuwa akisaka dawa zilizoibwa alipekua rekodi za wafanyakazi karibu 480 wa zimamoto bila hati ya mahakama. Miaka miwili baadaye jimbo likaidai hati hiyo kisheria.

Kinachonisumbua zaidi ni idadi ya madaktari, kigezo ambacho programu za kupima hatari ya mgonjwa hukitegemea sana. Mwenye bima nzuri ana daktari wake mmoja kwa miaka kumi. Maskini wa hospitali ya umma hukutana na daktari mpya kila mara, kwa kuwa walio mafunzoni huzungushwa idara kwa idara. Daftarini ataonekana amepitia madaktari sita, ilhali amepanga foleni ileile mlango uleule. Daktari asiyejua hilo atamwona mwizi wa vidonge.

Hata aliyezunguka kweli hafai kufukuzwa. Akitoka pale na arosto, dawa inayopatikana mtaani ni fentanili, afyuni kali mno, na hiyo haina mfamasia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walijaribu njia nyingine wakachapisha matokeo mwaka 2015: waraibu walioanzishiwa buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa afyuni, palepale idara ya dharura, asilimia 78 walikuwa wakiendelea na tiba siku 30 baadaye, dhidi ya asilimia 37 ya waliopewa rufaa tu. Wakati huo daktari alihitaji kibali maalumu kuiandika kwa ajili ya uraibu. Kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa 2022, na sasa daktari yeyote mwenye usajili wa kawaida wa kuandika dawa hizi anaweza kuianza usiku uleule anapoiona orodha.