Kinga ya Wanafunzi wa Uuguzi: Sindano Tatu, Wala Si Moja

Wafugaji wa Isiolo hawana haja ya kufundishwa maana ya chanjo. Wazee wao waliona sotoka ikimaliza ng'ombe, na chanjo aliyoitengeneza Dakta Walter Plowright huko Muguga ilisaidia sana, hata mwaka 2011 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Lakini yawezekana katika boma lile lile yumo kijana anayesoma katika chuo cha KMTC mjini Isiolo, naye hajui kama yeye mwenyewe amechanjwa.

Ugonjwa wa kumwogopesha ni homa ya ini ya aina ya B. Virusi vyake hukaa katika damu, na tone lililokauka mezani laweza kuambukiza hata baada ya siku 7. Mwanafunzi, ambaye mikono yake haijazoea kazi, ni rahisi kujichoma sindano. Ikiwa imetoka kwa mgonjwa, basi katika watu 100 wasio na kinga wataambukizwa kati ya 6 na 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni watu 3 tu katika 1,000. Wengine hukaa na ugonjwa miaka mingi pasipo kujua, mpaka ini liharibike au lishikwe na saratani.

Watoto wachanga wa Kenya walianza kupewa chanjo hii mwishoni mwa mwaka 2001. Aliyezaliwa baadaye huenda alikosa sindano moja au mbili, kwa kuwa mama alihama kufuata malisho, na kadi ikapotea njiani. Hilo si kosa la mtu.

Mtu mzima huchomwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Hiyo ya tatu ndiyo husahauliwa, maana yaweza kuangukia likizo. Aliyeikosa haanzi upya, bali huendelea alipoachia. Kisha, baada ya mwezi 1 au 2, damu hupimwa, kwa sababu wako wachache ambao miili yao haishiki kinga, nao huchanjwa tena.

Aliyejichoma asinyamaze kwa kumwogopa mwalimu. Aoshe jeraha kwa maji na sabuni, amwambie msimamizi saa ile ile. Asiye na kinga aweza kusaidiwa akichanjwa mapema, yafaa kabla ya saa 24 kupita.